Sauti Iliyokuwa na Mafua

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa waumini na wasio waumini, kwa wenye masikio na kwa wale wanaojifanya viziwi wakiitwa kuosha vyombo, kwamba Mungu alinena kwa sauti ya kusikika. Alinena siku ya Alhamisi, mchana kweupe, katika chumba cha maombi kilichoko nyuma ya madhabahu, ambacho zamani kilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Alinena kwa Kiswahili safi, kwa sauti nene ya kutikisa vioo. Na alikuwa na mafua.

Mafua yalikuwa ya binti wa mchungaji. Sauti pia. Mungu mwenyewe, kwa kadiri inavyojulikana, siku hiyo alikaa kimya, na huenda alikuwa ameduwaa kama sisi wengine tulivyokuja kuduwaa.

Binti huyo hatutamtaja jina. Mama yake alimwita Kiherehere, na kwa kuwa mama yake hakosei, nasi tutamwita hivyo hivyo. Alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana, ambako alijulikana kwa kipaji adimu. Ndiye aliyeuvisha soksi ulimi wa kengele ya bweni, shule nzima ikalala mpaka jua likawa juu. Ndiye aliyeandika ubaoni, kwa mwandiko wa kupendeza, kwamba walimu wote wanahitajika haraka ofisini kwa mkuu wa shule, na mkuu wa shule anahitajika haraka kwenye chumba cha walimu, wakapishana kwenye ngazi asubuhi nzima wakisalimiana. Aliadhibiwa mara nyingi. Msimulizi anaona watu hawakumwelewa.

Kipaji chenyewe alikirithi kwa baba. Mchungaji yule alikuwa mtu wa kucheka mpaka anashika ukuta. Binti akipiga simu kutoka shuleni, baba alipokea kwa sauti ya karani aliyechoka: "Hapa ni mbinguni, idara ya malalamiko. Subiri kwenye foleni." Kisha anamwacha kweli kwenye foleni, anamwimbia muziki wa kusubiri kwa pua, mpaka muda wa simu unaisha bila mtu kusema la maana, na mtoto anarudi bwenini mbavu zinamuuma.

Basi likizo ilipofika Kiherehere akashuka na begi lake, akamkuta baba sebuleni, akampigia saluti.

"Shikamoo, idara ya malalamiko!"

"Marahaba," baba akajibu, akapita.

Akapita hivyo hivyo, kama mtu anayepita mbele ya duka asilo na shida nalo. Kola ya shati ilikuwa imelegea shingoni kama shati la kuazima. Mezani aliletewa chakula, akakiombea, akakizungusha na kijiko, kikarudi jikoni kama kilivyokuja. Kutwa nzima alijifungia kwenye chumba cha maombi. Jumapili akisimama madhabahuni machozi yanamtoka katikati ya tangazo la kufagia uwanja.

Angekuwa fundi bomba, majirani wangesema: huyu anaumwa, mpelekeni hospitali. Kwa kuwa ni mchungaji, walisema: huyu anapaa.

"Mfungo huu si wa mchezo," alisema mzee wa kanisa aliyeitwa Mzee Pokea. Alikuwa muuza mabati na misumari, na jina hilo alipewa kwa sababu neno halipiti kanisani bila yeye kuruka kitini na kupaza, "Pokea!" Hata ikitangazwa pochi iliyookotwa chooni, alipokea. "Hali, halali, haongei. Mtu akifika hapo, ujue yuko mlimani. Asisumbuliwe."

"Mwaka jana alikuwa anamaliza sahani mbili na kuulizia ya tatu," alisema Mama Katibu, aliyetunza ratiba zote za kanisa na kofia zote za kijani duniani. "Tuseme ukweli tu. Hiki ni kiwango kingine."

Wakampigia makofi. Jumapili iliyofuata, mchungaji alipolia tena, walisimama wote wakampigia makofi ya nguvu, na yeye akainama kidogo, kama mtu aliyevikwa koti la mwenziwe akaona aibu kulivua.

Mama, kwa upande wake, alikuwa na cherehani. Alishona majoho ya kwaya sebuleni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama skafu. Kiherehere akakaa kwenye kigoda karibu na miguu yake.

"Mama, Baba ana nini?"

"Anafunga." Mguu uliendelea kukanyaga.

"Tangu lini?"

Mguu ukasimama. Sindano ikabaki imechoma kitambaa. "Usiniulize hivyo, mwanangu. Wanasema anafunga."

Neno lile *wanasema* lilimkaa Kiherehere kooni. Lakini alikuwa na miaka kumi na sita, na katika umri huo mtu ana dawa moja tu kwa kila ugonjwa. Akaamua baba yake amepungukiwa na kicheko. Akipata kicheko kimoja kizito, cha kushika ukuta, atarudi alivyokuwa.

Mpango ulikuwa hivi. Kiherehere alikuwa na spika ndogo isiyo na waya, ya bei rahisi, ya mviringo kama andazi. Alikuwa na simu ya mama, na ndani yake programu inayogeuza sauti ya mtoto kuwa sauti ya jitu. Jumatano, baba alipotoka kwenda kunawa, aliingia chumba cha maombi. Ndani mlikuwa na zulia la kijivu, kiti kimoja cha plastiki, maua ya plastiki yenye vumbi halisi, na kabati kuukuu lililofunikwa pazia. Akaiweka spika juu ya kabati, nyuma ya pazia, akaiwasha. Chumba cha pili ndicho cha majoho ya kwaya, na kati ya vyumba hivyo ukuta ni plaiwudi tupu. Mtu akikohoa huku, kule anaombewa.

Alhamisi alasiri alijipenyeza katikati ya majoho, akakaa juu ya sanduku la matari. Mafua yalikuwa yamembana. Maneno aliyaandaa na kuyarudia bafuni mpaka akacheka peke yake: *Mtumishi wangu. Nimekuona. Umesahau kumnunulia binti yako chokoleti.* Hapo baba angeruka, angezunguka chumba, angeona pazia, angefunua, halafu kile kicheko.

Akabonyeza. "Mtumishi wangu," ikasema spika upande wa pili, nene kama ngurumo yenye kamasi.

Kiherehere akang'ata kidole asicheke. Akasubiri kiti kilie.

"Umekawia," baba akasema.

Hakusema kwa mshtuko. Alisema kama mtu anayemwambia fundi aliyeahidi kuja Jumatatu akatokea Ijumaa.

"Umekawia sana, Bwana. Mimi nilishafunga duka."

Kidole kikabaki mdomoni.

"Sijakuomba kitu muda mrefu, na unajua. Naingia humu, nakaa tu. Nauangalia ukuta. Wakasema nafunga, nikaona heri waseme hivyo. Sifungi. Chakula kikiingia mdomoni kinakuwa pamba." Sauti ilikuwa ya chini, haina haraka, na ilitokea chini, maana alikuwa ameketi sakafuni. "Wamekuja kwangu na misiba yao yote, na ndoa zao, na watoto wao, nikaibeba. Sikujua pa kuitua. Sasa sisikii kitu. Mtu akilia mbele yangu naona midomo tu inatikisika. Nimechoka, Bwana. Nichukue. Usinirudishe Jumapili. Nichukue nikiwa usingizini, mke wangu na mtoto wasione kitu kibaya."

Majoho yalining'inia pande zote, mekundu, yamenyamaza. Kiherehere aliwahi kushtuka maishani: aliwahi kukanyaga nyoka, aliwahi kuitwa jina lake lote na mkuu wa shule. Mambo hayo, alipoyakumbuka baadaye, yalionekana kama salamu. Hapa damu ilimshuka yote ikaacha masikio yakivuma.

Alitaka kukimbia kwa mama. Lakini akafikiri: nikiondoka sasa, Mungu atakuwa amekata simu. Baba ameomba kufa, na Mungu amekata simu.

Akabonyeza. "Hapana," ikasema spika.

"Hapana?"

"Hapana. Kwanza... kula."

"Nile?"

"Supu. Iko jikoni."

Hata mlalamikaji mzoefu asingetegemea jibu hilo.

"Halafu?"

"Halafu mwambie mkeo. Haya uliyoniambia mimi. Yote."

"Atavunjika, Bwana."

"Yule? Yule havunjiki. Si unamjua."

Ukutani pakasikika kitu, kama pumzi iliyotaka kuwa kicheko ikakosa njia.

"Halafu?"

"Daktari."

"Daktari wa nini?"

"Wa... wa mambo haya."

"Lakini Bwana," akauliza baba, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na mshangao wa mtu aliye hai, "si wewe ndiye daktari?"

Hapa ifahamike kwamba katika somo la dini Kiherehere hakuwahi kuvuka alama za wastani. Jasho lilimtoka. Mtu asiulizwe maswali kama hayo amekaa juu ya matari.

"Ndiyo," ikasema spika. "Lakini nina wasaidizi."

Kisha akapiga chafya. Hakuwahi hata kutoa kidole kwenye kitufe. Chafya ilitoka upande wa pili kama mnara unaoanguka, na maua ya plastiki, bila shaka, yakapukutisha vumbi. Kiherehere akafumba macho, akajua mambo yameisha.

Baba hakuijali hata hiyo chafya. Alikuwa amebakiwa na swali moja, na alilisogeza taratibu, kama mtu anayesogeza kikombe kilichojaa.

"Bado unanipenda?"

Programu ile ilihitaji kushikiliwa kwa vidole viwili. Kimoja kiliteleza. Kiherehere alijibu hivyo hivyo.

"Ndiyo."

Mlango ukafunguliwa. Hatua za baba zikatoka, zikashuka ngazi za uani, zikaelekea nyumbani. Kiherehere alibaki kwenye majoho mpaka miguu ikafa ganzi.

Alipoingia nyumbani akakuta jambo lisiloaminika. Baba alikuwa mezani anakunywa supu. Mama alisimama na chupa ya chumvi mkononi, ameduwaa. Baada ya supu waliingia chumbani kwao, mlango ukafungwa, na cherehani haikulia tena siku ile. Mama alipotoka macho yalikuwa mekundu na mgongo umenyooka. "Tunatafuta daktari," akamwambia binti. "Usiulize." Na yeye, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuuliza.

Laiti mambo yangeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na msimulizi wake angelala vizuri.

Lakini mchungaji ni mchungaji. Mungu akisema naye, hawezi kukaa nalo. Ijumaa asubuhi alimwambia Mzee Pokea dukani, kati ya mabati. Hakumwambia alichojibu yeye. Alimwambia tu: nimesikia sauti, kwa masikio haya, imenikataza mfungo, imeniambia nile, nimuone daktari.

"Pokea!" Mzee Pokea alipiga bati kwa kiganja, mtaa mzima ukageuka. "Mfungo umekubaliwa! Na hilo la daktari, Mchungaji, si nilikwambia? Hayo ni mafumbo. Daktari ni yeye mwenyewe. Yeye ndiye daktari, dawa na hospitali. Umepona!"

Baba akatabasamu. Alikuwa mwepesi kama karatasi. "Labda nimepona," akasema. Jioni alimwambia mama daktari asubiri kwanza. Mama akafungua mdomo, na wakati huo huo Mama Katibu akabisha hodi, ameshika sampuli ya kibao cha shaba kitakachopigiliwa mlangoni: HAPA MUNGU ALINENA.

"Herufi za dhahabu au za fedha, Mama Mchungaji?" akauliza. "Na tarehe tuiweke juu au chini?"

Kiherehere alikimbilia chooni akajifungia.

Kumbe bado hajaona kitu. Jumamosi alfajiri baba aliamka akaenda tena chumba cha maombi. Kiherehere alimfuata, akaingia kwenye majoho, hana simu, hana mpango. Nyuma ya plaiwudi akasikia: "Bwana? Upo?"

Kimya.

"Nilikula, Bwana. Nilimwambia. Upo?"

Kimya. Kisha ule utulivu mzito wa mtu anayeuangalia ukuta, ambao sasa Kiherehere aliujua kama anavyojua harufu ya nyumba yao. Akashika mdomo kwa mikono miwili. Alielewa alichokifanya, na kilimtisha kuliko kile alichokisikia Alhamisi. Zamani baba alikuwa na Mungu aliyenyamaza. Sasa ana Mungu aliyezungumza naye mara moja, akamwambia anampenda, halafu akaondoka.

Alitaka kugonga ukuta. Hakugonga. Msimulizi hana la kumtetea hapo.

Mchana wazee waliingia kwenye chumba kile kushukuru. Mzee Pokea alikuwa mbele, Mama Katibu na kofia ya kijani, na nyuma yao mama, kutoka kwenye cherehani, futi bado shingoni. Baba alipiga magoti katikati ya zulia. Uso wake ulikuwa umefungwa tena kama dirisha la nyumba iliyohamwa. Kiherehere alisimama mlangoni. Alhamisi, kwa kiwewe, aliisahau spika, na tangu Ijumaa alipoanza kuvizia aitoe, chumba hakikukaa kitupu hata dakika.

"Sema nasi tena, Bwana!" akanguruma Mzee Pokea. "Tuko tayari! Sema!"

Na juu ya kabati, nyuma ya pazia, sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya kigeni, tamu, isiyo na haraka. Ilisema kwa Kiingereza kwamba betri inakaribia kuisha.

Mama Katibu alianguka chali. Kofia ilienda upande wake. Mzee Pokea macho yalimtoka, mdomo ukawa wazi, kisha mikono yote miwili ikapaa.

"Pokea! Mmesikia? Kwa lugha! Betri inaisha! Nguvu ya kanisa inaisha! Ndugu zangu, tumetoka mlimani mapema. Mfungo uendelee! Mchungaji abaki humu, asile, asitoke, mpaka betri ijae!"

Mama akasema, "Mzee, subiri..."

Lakini Kiherehere alikuwa anamtazama baba. Baba aliinamisha kichwa taratibu. "Sawa," akasema, kwa sauti ile ile ya sakafuni. "Kama ndivyo anavyotaka. Nitabaki."

"Ni spika yangu!"

Hakuna aliyejua kelele imetoka wapi, hata yeye mwenyewe. Alikuwa tayari juu ya kile kiti cha plastiki. Akavuta pazia likakatika na fimbo yake, akaliteremsha lile andazi jeusi, na likiwa kiganjani mwake yule mwanamke wa kigeni akarudia kusema betri inakaribia kuisha. Hakusema kwa lugha ya malaika hata kidogo.

"Ni spika. Imeisha chaji. Ni mimi. Alhamisi ni mimi, nilikuwa kwa majoho, na simu ya Mama. Nilitaka tu acheke. Si Mungu. Ni mimi!"

Ukimya ulioingia chumbani ulikuwa na uzito wa kupimwa kwenye mizani ya Mzee Pokea. Mama Katibu, pale chini, alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Na kibao nimeshalipia," akanong'ona.

"Mtoto!" Mzee Pokea alirusha mikono hewani. "Unamchezea Mungu? Unajua ulichokifanya?"

"Najua, babu."

"Unajua?"

"Najua kuliko nyote humu," akasema Kiherehere, akaanza kulia, kilio kile kibaya cha mafua kisicho na heshima.

Baba alikuwa bado amepiga magoti. Alimtazama binti yake kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Supu?" akauliza.

"Mimi."

"Wasaidizi?"

"Mimi, Baba. Sikujua niseme nini."

"Kwa hiyo..." Rangi ilimtoka usoni, na hapo ndipo Kiherehere alipoona mshtuko wa kweli unavyofanana: hauna kelele. "Kwa hiyo aliyenisikia ni wewe."

Kiherehere akaibana spika kifuani.

"Alisikia nini?" Mzee Pokea akageuka huku na huku. "Mchungaji alisema nini? We mtoto, alisema nini?"

Wote wakamtazama. Binti huyu hakuwahi kutunza siri ya mtu hata kwa muda wa kuvuka barabara. Akafuta pua kwa mkono.

"Sikumbuki," akasema.

"Anakumbuka," akasema baba. Akajisogeza nyuma, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu mbele kama mtoto. Mama akaenda akakaa kando yake bila neno, akamshika mkono. "Anakumbuka vizuri tu. Nilimwomba Mungu anichukue, Mzee. Nife. Nilifikiri ni yeye, nikamwambia ukweli. Sikuwa nafunga. Sijawahi kufunga. Nyinyi mlisema nafunga, nami sikuwa na nguvu ya kuwabishia."

Mzee Pokea alibaki amesimama na mikono hewani. Ikashuka mmoja mmoja. Alitazama kiti cha plastiki, zulia, pazia lililoanguka, kisha akajishusha taratibu, magoti yakilia, akakaa chini mbele ya mchungaji wake.

"Tulikupigia makofi," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unalia, tukakupigia makofi." Akashika kichwa. "Ah. Ndugu yangu. Ah."

Hakuna aliyepokea kitu. Mama Katibu aliokota kofia, akaiweka mapajani, akawa anaipapasa kama paka.

Jumapili ni yeye aliyesimama kutangaza. Alikuwa amezoea kusoma. Siku hiyo alisema kwa kichwa. "Mchungaji wetu anaumwa. Kesho anaenda hospitali na mama. Atapumzika mpaka daktari aseme."

"Anaumwa nini?" mtu akauliza kutoka nyuma, kwa sauti, kama watu wanavyouliza.

"Huzuni," akasema Mama Katibu. "Ile ya kuumwa. Inatibiwa." Na kanisa lote, watu waliozoea kuitikia kila kitu, wakabaki midomo wazi. Kisha mwanamke mmoja mstari wa mbele akaanza kulia, na safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Yaliyofuata hayana radi. Daktari ni mama mmoja mfupi asiyevaa koti jeupe, anayeuliza swali moja na kukaa kimya mpaka ujibu. Kuna vidonge, na vilichukua muda kumkubali. Kuna kikundi cha wachungaji watano wanaokutana ofisini kwake bila viatu, na hakuna anayeruhusiwa kumhubiria mwenzake. Wanasema hilo ndilo gumu kuliko yote. Zipo siku baba anaamka na uso ule wa dirisha lililofungwa. Siku hizo mama anazima cherehani, wanakaa. Mzee Pokea huja na mkate, anauweka mezani, anauliza, "Umelala?" na akiambiwa hapana, hasemi pokea. Anasema, "Haya, nimesikia."

Hadithi imeisha, na msimulizi angependa kuondoka kwa adabu kupitia mlango wa nyuma.

Lakini ilibidi baba aisome kwanza, kwa kuwa maneno ni yake. Aliisoma uani, miwani puani, kikombe cha chai kando. Mara moja alishika ukuta. Alipomaliza aliita.

"Njoo hapa. Huyu binti mwenye kipaji adimu, ambaye watu hawakumwelewa. Ni nani?"

"Ni mtu tu, Baba. Wa kubuni."

"Wa kubuni." Akafunua kurasa nyuma, akaweka kidole. "Na hapa umekwepa. Umeandika sauti yote ilikuwa nene. Halafu nilipouliza swali langu la mwisho, umeandika tu kwamba alijibu. Mimi nilikuwepo. Ile ndiyo haikuwa nene."

Nikatazama miguu yangu.

"Haikuwa nene," nikasema. "Kidole cha kunenepesha sauti kiliteleza."

"Haikuwa na Mungu ndani yake hata kidogo?"

"Sijui, Baba. Kweli hilo sijui." Mafua yalishapona zamani, lakini pua ilianza tena. "Najua tu kwamba hapo sikuwa naigiza. Hiyo ndiyo ilikuwa yangu."